Tumbo la mtoto likichafuka: anyonyeshwe, alishwe au akimbizwe hospitali?

Hapa Moshi mtoto akianza kuharisha, neno la kwanza utakalosikia ndani ya nyumba ni "mpumzisheni tumbo". Uji unaondolewa, anyonyeshwe kidogo tu, mtoto anabakishiwa maji na chai ya rangi. Ushauri huo hutolewa kwa mapenzi, mara nyingi na bibi aliyelea watoto wengi kuliko mimi na wewe, ila hapa sikubaliani naye. Utumbo unaoharisha bado unafyonza sehemu kubwa ya chakula kinachoingia. Mtoto aliyekatiwa chakula anadhoofika kwa kinachomtoka na kwa kisichomwingia, tena vyote kwa pamoja.

Tafuta dalili inayofanana na ya mwanao hapa chini. Lakini dalili yoyote ile, pitia kwanza sehemu hii inayofuata.

Kabla ya yote, mkojo

Mama akifika kliniki anaeleza kinyesi: kina povu, kina kijani, kinanuka uchachu. Nesi anamuuliza, "Mama, mara ya mwisho amekojoa saa ngapi?" Hapo ndipo kimya kinapoingia. Si uzembe wa mama. Pampasi hunyonya mkojo wote, na kinyesi cha maji kinafunika kilichobaki, kwa hiyo unabadilisha pampasi nzito ukidhani amekojoa kumbe ni kuharisha kutupu. Siku za ugonjwa mvalishe nepi za kitambaa. Kama huna, weka kipande cha pamba upande wa mbele ndani ya pampasi ukiangalie kila unapombadilisha. Kwa mtoto wa kiume njia hii haidanganyi sana.

Saa sita bila mkojo, au mkojo kidogo wa njano iliyoiva, maana yake maji yanamwishia. Tazama pia utosi kama umebonyea, macho kama yameingia ndani, na ulimi kama umekauka. Kulia bila machozi nako ni dalili, ila kwa kichanga wa wiki chache usikitegemee kipimo hicho, kwa sababu machozi yake bado hayajaanza kutoka vizuri. Kisha finya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, kati ya kitovu na ubavu, uiachie. Ngozi ya mtoto mwenye maji ya kutosha hurudi papo hapo. Ikibaki imesimama kwa zaidi ya sekunde mbili, acha kusoma, mbebe uende.

Na kuna mambo ambayo hayajadiliwi nyumbani hata kama mkojo upo: damu kwenye choo, matapishi ya kijani, degedege, mtoto kulegea au kusinzia bila kuamka vizuri, kukataa ziwa kabisa, kutapika kila kitu. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa naye yumo humohumo. Kituo cha karibu kwanza, wao watajua kama apelekwe hospitali ya Mawenzi au KCMC, na kwa walio Arusha, Mount Meru.

Anacheua maziwa kila akimaliza kunyonya

Maziwa yanatiririka pembeni mwa mdomo, mtoto mwenyewe anacheka. Huyu haumwi. Mlango wa juu wa tumbo lake haujakaza bado, na wengi huacha kabla ya kutimiza mwaka. Fungua kadi ya kliniki: mstari wa uzito ukiwa unapanda, usibadilishe chochote isipokuwa namna ya kumnyonyesha. Mpe kidogo kidogo na mara nyingi, mshike wima kama nusu saa baada ya kunyonya, mpigepige mgongoni mpaka atoe mbweu. Wapo wanaoshauri umkorogee uji mzito akiwa na miezi mitatu ili "maziwa yakae". Usifanye hivyo, kabla ya miezi sita uji unamwongezea tatizo la pili.

Tofautisha na matapishi yanayoruka kwa nguvu kama yamerushwa, baada ya kila mlo, kwa kichanga wa wiki tatu hadi nane hivi, ambaye akishatapika anataka kunyonya tena kwa njaa. Hapo huenda njia ya kutokea tumboni imebana, na dawa yake ni upasuaji mdogo. Kumbadilishia maziwa hakutasaidia.

Kila jioni analia, miguu anaikunja

Ndicho tunachokiita chango. Huanza wiki ya pili au ya tatu, huzidi karibu na wiki ya sita, na hukoma mwezi wa tatu au wa nne, umpe dawa usimpe. Ndiyo maana kila dawa ya chango ina watu wa kuisifia: ilitumika wakati chango kinaelekea kuisha chenyewe.

Kinachosaidia ni kuangalia hewa inaingilia wapi. Anayenyonya ziwa, je, mdomo umeshika sehemu kubwa ya weusi wa ziwa au chuchu peke yake? Ukisikia anabofyabofya ulimi wakati ananyonya, hewa inaingia. Anayetumia chupa, je, chuchu ya chupa imejaa maziwa, au nusu yake ni hewa? Rekebisha hilo, mbebe kifuani, tembea naye. Mama mzazi asikatazwe maharage wala kabichi kwa sababu ya chango. Mtori wake, ile supu nzito ya ndizi na nyama, aendelee nao. Asali usimpe mtoto hata kwa kulambishwa kabla hajatimiza mwaka, maana inaweza kuwa na mbegu za bakteria wanaotengeneza sumu ya kupoozesha misuli ya kichanga. Mitishamba ya kunywesha nayo iache.

Ila kilio kinachokuja kwa mawimbi, mtoto anapiga kelele na kupauka, kisha ananyamaza na kulegea, kisha kinarudi, hasa kwa mtoto wa kati ya miezi mitano na tisa, hakihusiani na chango. Utumbo unaweza kuwa umejiingiza ndani ya utumbo. Choo chenye ute mwekundu huja baadaye, usikisubiri.

Choo cha njano mara saba kwa siku

Anayenyonya maziwa ya mama peke yake anaweza kupata choo laini cha njano chenye punje punje kila baada ya kunyonya. Hajaharisha. Kuharisha ni pale choo kinapobadilika ghafla kuliko desturi yake: kinakuwa maji, mara zinaongezeka, harufu inabadilika. Wewe ndiye unayeijua desturi hiyo, kuliko daktari.

Anaharisha, hajafikisha miezi sita

Chakula chake hakibadiliki: ni ziwa, mara nyingi zaidi, usiku pia. Maziwa ya mama hayajawahi "kuharibika" kwa sababu mama ametembea juani, amekasirika au ana mimba. Mengi ya hayo nimeyasikia hapa Moshi, mitaa ya Pasua na Rau, na matokeo ni yaleyale: mtoto anaachishwa ziwa siku anayolihitaji zaidi. Kama mtu wa afya amesema aongezewe ORS (unga wa chumvi na sukari unaokorogwa kwenye maji), apewe kwa kijiko katikati ya kunyonya, ziwa libaki palepale.

Kwa anayetumia maziwa ya kopo, kosa huwa mara nyingi kwenye ukorogaji. Kuna anayepunguza unga ili "yasiwe makali" au kopo lifike mwisho wa mwezi, na kuna anayejaza kijiko mpaka kinamwagika. Tumia kijiko kilichotoka na kopo lenyewe, kilichosawazishwa, maji kwanza kisha unga, kwa kipimo kilichoandikwa. Ugonjwa usikufanye uyazimue. Yaliyokaa mezani zaidi ya saa mbili yamwage. Na kama chupa ndiyo inayoleta ugonjwa, na mara nyingi ndiyo, hamia kikombe: kichanga anaweza kunywa kwa kikombe kidogo, na kikombe kinaoshwa chote hadi chini kwa sabuni.

Kuna kisababishi kimoja ambacho huku mlimani kimezoeleka mno. Ng'ombe yupo bandani nyuma ya nyumba, maziwa yapo, mtoto wa miezi mitatu anapewa yaliyoongezwa maji. Maziwa ya ng'ombe kabla ya miezi sita ni mazito kwa figo zake, yanaweza kuukwaruza utumbo ukavuja damu kidogo kidogo isiyoonekana, na yasipochemshwa yana vijidudu vyake. Mtoto anayeharisha kila mara na anapauka, hapo ndipo pa kuulizia.

Anaharisha, ameshaanza kula

Hapa ndipo kwenye kazi, kwa sababu kuharisha kwingi huanza mtoto akianza uji, kutambaa na kuokota kila kitu sakafuni.

Anza na ORS. Soma pakiti: nyingi ni za lita moja, nyingine za nusu lita. Ukikoroga ya lita kwenye kikombe, umempa chumvi nyingi inayoweza kumdhuru. Kama huna kipimo, chupa mbili za maji ya dukani za nusu lita ndiyo lita yako. Maji yachemshwe yapoe ndipo ukoroge. Arusha mjini, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, ila hilo lisikutie wasiwasi: yakitokota dakika moja vijidudu vya kuharisha vimekwisha. Iliyokorogwa tumia ndani ya saa 24, inayobaki mwaga. Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe mililita 50 hadi 100 baada ya kila choo cha maji, yaani robo hadi nusu ya kikombe kidogo cha chai, kwa kijiko, taratibu.

Pakiti imekosekana na duka limefungwa? Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa mgongo wa kisu. Onja: ikizidi chumvi ya machozi, mwaga uanze upya. Ni ya kuvushia usiku tu, asubuhi tafuta pakiti, kwa sababu ya nyumbani haina potasiamu.

Pamoja na ORS kuna zinki, na hii ndiyo inayosahauliwa. Kidonge cha miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi sita na zaidi, nusu yake kwa mdogo zaidi, kinayeyushwa kwenye maziwa uliyokamua au maji safi kidogo. Siku 10 hadi 14. Kuharisha kukikoma siku ya tatu usiache, maana faida ya zinki inaenda mbele: inapunguza uwezekano wa kuharisha tena miezi miwili mitatu inayofuata.

Sasa chakula, na hapa sisi wa huku tumebahatika. Ndizi mbichi ya kupika ni chakula kizuri sana kwa tumbo hili. Ina potasiamu inayopotea kwenye choo, na wanga wake usiomeng'enywa upesi hufika utumbo mpana na kuusaidia kurudisha maji mwilini. Mwaka 2001 watafiti wa Bangladesh walichapisha majaribio ya watoto walioharisha kwa muda mrefu: waliopewa wali uliochanganywa na ndizi mbichi zilizopikwa walipona haraka kuliko waliopewa wali mtupu. Bibi zetu hawakuhitaji Bangladesh kuwaambia wapike mtori, lakini inapendeza kujua.

Ila mtori wa mgonjwa mdogo una masharti. Chemsha ndizi za mshare mpaka ziive kabisa, uziponde, uchuje nyuzi. Nyama iwemo yenyewe, imesagwa au imekwanguliwa kwa kisu. Supu ya mifupa peke yake ina ladha tu, mtoto hashibi wala hajengi mwili kwa supu. Ongeza kijiko kidogo cha mafuta. Vitunguu na viungo vipungue. Magadi usitie kabisa. Najua magadi yanalainisha ndizi na maharage vizuri, ila yana sodiamu nyingi, na yana floraidi.

Kwa kuwa nimeitaja floraidi: walio Arusha, chini ya Mlima Meru, wanajua maji yao mengi yana floraidi nyingi, ndiyo yale meno ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi, kunaikoleza. Haiharishi mtoto kwa kiwango hicho, na kwa ORS ya siku chache usipoteze muda kutafuta maji mengine. Kwa mtoto wa maziwa ya kopo anayekunywa maji hayo kila siku ndipo inafaa kutafuta chanzo kingine.

Uji je? Uendelee, ila uangalie ni uji gani. Unga wa lishe wenye nafaka saba, soya, karanga na dagaa vyote ndani ya mfuko mmoja ni mzigo kwa tumbo linaloumwa, na mfuko uliosagwa zamani unaweza kuwa na karanga au mahindi yaliyoota ukungu. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupika. Siku hizi chache tumia unga mmoja au miwili, mchele au ulezi. Mtoto akiukataa uji mzito, usiufanye maji matupu. Chukua kimea cha ulezi, kilekile cha mbege, pombe yetu ya ndizi, kijiko kidogo kwenye bakuli la uji mzito ulio moto wa wastani, koroga. Ndani ya dakika chache uji unalegea wenyewe na nguvu yake ikiwa palepale. Urudishe jikoni uchemke tena, kisha mpoozee. (Mbege yenyewe haimhusu mtoto, hata ncha ya kidole.)

Mpe kidogo kila baada ya saa tatu au nne, mara sita hivi kwa siku, badala ya milo mitatu ya kumlazimisha. Parachichi, kiazi, wali uliopondwa, yai lililoiva, vyote ruksa kama alishavizoea. Usianzishe chakula kipya wiki hii.

Vya kuondoa: soda, juisi ya boksi na chai yenye sukari nyingi, kwa sababu sukari nyingi huvuta maji kuyaingiza utumboni na kuharisha kunazidi. Chai ya rangi hata bila sukari huzuia madini ya chuma. Vidonge vya kufunga tumbo ni marufuku kwa mtoto. Antibiotiki za kununua dirishani hazisaidii kuharisha maji. Zina kazi zake, kama choo chenye damu, na anayeamua ni aliyempima.

Kila kinachoingia kinarudi

Subiri dakika kumi, kisha anza na kijiko kimoja cha ORS kila dakika mbili tatu. Inachosha, mkono unauma, na baba akipita anakuona unapoteza muda. Mwite akae, mpe kijiko na saa. Mtoto mwenye kiu akipewa kikombe atakigugumia na kukirudisha chote. Akipewa kwa kijiko, sehemu kubwa inabaki hata ukiona anatapika. Anayenyonya anyonye dakika chache, apumzike, anyonye tena.

Kutapika na homa bila kuharisha kuna mengine: malaria, mkojo mchafu, masikio. Ukiishi ukanda wa chini, kuelekea mashamba ya miwa ya TPC au ya mpunga ya Chekereni, apimwe malaria mapema. Walio juu wanaosafiri na watoto kwenda huko wakumbuke hilohilo.

Wiki mbili na bado

Kuharisha kukifika siku 14, kumekuwa kwa aina nyingine, na lazima apimwe, uzito wake ukiwemo. Sababu moja ya kawaida ni kwamba utumbo uliochubuka hauwezi tena kumeng'enya sukari ya maziwa: choo kina povu, kinanuka uchachu, makalio yamekuwa mekundu. Ziwa la mama haliondolewi hata hapa. Kinachopunguzwa ni maziwa ya ng'ombe, nusu yake ibadilishwe na mtindi wa maziwa yaliyochemshwa, au na chakula laini chenye virutubisho. Kwenye mtindi bakteria wameshala sehemu ya sukari hiyo, ndiyo maana tumbo linaupokea.

Hajapata choo siku tatu

Anayenyonya ziwa peke yake anaweza kukaa siku kadhaa na choo kikatoka laini. Mwache. Aliyeanza kula na anatoa vigololi vigumu, mpe maji zaidi, papai, parachichi, na upunguze ugali na ndizi mbichi kwa muda. Sabuni usimwingize.

"Ni meno," "ni kimeo"

Meno yanaweza kumtia mtoto udenda na hasira, hayamharishi. Yanaota umri uleule anaoanza kuweka kila kitu mdomoni, ndipo yakapewa lawama. Kibaya zaidi ni "meno ya plastiki", pale mtu anapochimba fizi kutoa vijino ambavyo havijaota, na kukata kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kwa sababu ya kutapika. Mtoto anatoka hapo na kidonda, damu, hatari ya maambukizi kutoka kwenye kifaa, mdomo unaouma usioweza kunyonya, na kuharisha kuko vilevile. Mkwe wako akisisitiza, usibishane naye mbele za watu, mwambie, "Mama, ngoja kwanza tumpeleke kliniki, tukirudi tutaongea." Daktari akishampima, mara nyingi mazungumzo hayo hayarudi.

Akianza kupona

Hamu ya kula hurudi ghafla. Itumie: mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili, mpime uzito kliniki, uone kama mstari umerudi. Ukiwa huko angalia kwenye kadi chanjo ya rota, inayotolewa nchini tangu 2013 kwa matone mdomoni, kuanzia wiki ya 6. Kama ipo iliyorukwa, muulize nesi siku hiyohiyo kama bado mtoto yuko ndani ya umri.